Mji Usio na Msingi: Siku Niliyomtembeza Baba Jiaohe kwa Voisi

Mzee wangu ni fundi ujenzi, Morogoro, tangu kabla sijazaliwa. Kila Jumamosi ya utoto wangu nimeishia kushika ncha ya kamba huku naambiwa "vuta bwana, kamba ikilegea ukuta unalewa". Kwa hiyo yule mtu huwezi kumtumia picha ya jengo ukategemea akujibu "pazuri". Haoni pazuri wala pabaya, anaona kozi, anaona linta, anaona nani kaiba simenti. Mwaka jana nilimtumia picha ya ukuta wa mji wa Xi'an, ninakosoma, watalii wanaupigia magoti, yeye akajibu kwa neno moja, "Umenyooka". Kwake hiyo ni digrii.

Sasa mwezi wa nane chuo kilikuwa kimefungwa, sina hela ya kurudi nyumbani na nimechoka kukaa hosteli, nikaona bora nipande treni niende magharibi kabisa, Turpan, kule Xinjiang. Nilikuwa nimesikia kuna mji wa kale unaitwa Jiaohe ambao haukujengwa. Yaani ulichimbwa. Watu walifika juu ya ardhi ngumu wakaanza kutoa udongo, walipotoa ikawa barabara na vyumba, walipoacha ikawa ukuta. Wachina wana namna yao ya kulisema, jiǎn dì liú qiáng, punguza ardhi acha ukuta. Nikasema hili lazima mzee alione, hata kama ni kupitia simu.

Safari yenyewe sitaisimulia sana, ni zaidi ya kilomita 2,000 na mimi nilichukua treni ya kawaida siyo ile ya kasi, kitanda cha juu kabisa kati ya vitatu vilivyopandana, dari liko puani, usiku na mchana nakula tambi za kikombe. Ila kuna kitu kimoja nikuambie kabisa ili kisikukute. Stesheni inayoitwa Turpan haipo Turpan! Nilishuka pale na begi langu nikiwa najiamini, nikauliza mji uko wapi, wakanionyesha basi. Kumbe stesheni ile ya zamani iko sehemu inaitwa Daheyan, zaidi ya kilomita 50 kutoka mjini. Fikiria mtu anashuka Chalinze anajisifu yupo Moro. Gesti ya kwanza niliyofika mjini wakaangalia pasi yangu, wakaangaliana, wakasema hawapokei wageni wa nje. Ya pili hivyohivyo. Ya tatu ndo nikalala.

Halafu likaja suala la saa, na hapa Mswahili usipokuwa makini utachanganyikiwa mazima. Uchina nzima kisheria ni saa moja tu, ya Beijing. Lakini Turpan iko mbali mno magharibi, jua halisomi sheria, kwa hiyo watu wa kule wana saa yao ya mtaani iliyo nyuma masaa mawili. Mimi sasa kichwani bado nahesabu Kiswahili. Dereva niliyepatana naye, mzee mmoja Mwiguri, yaani mtu wa kabila la kulekule, aliniambia kwa Kichina tuonane saa nane. Nikageuza, nane yao ni saa mbili asubuhi, safi, nikatoka nje saa mbili kamili ya Beijing, jua ndo kwanza linachungulia, barabara nzima tupu, paka tu. Nikakaa kwenye ngazi ya gesti masaa mawili. Yeye akafika zake anatabasamu, kwenye saa yake hajachelewa hata dakika. Alimaanisha saa nane ya kwao. Tukacheka, ila mimi nilicheka kwa heshima tu.

Nilichokipata kwenye gari lake ndicho kilinilipa hayo masaa mawili. Kichina chake cha kubabaisha, changu pia, tukawa tunaokoteza. Akaonyesha saa ya mkononi akasema "saet". Nikasema ngoja, saa? Akataja "waqit". Wakati! Basi tukaanza mchezo, yeye anataja mimi nadaka: kitab, kitabu, qelem, kalamu, dunya, dunia. Ni Kiarabu kimetufikia kila mtu kwa njia yake, sisi kwa jahazi wao kwa ngamia, na sasa tunakutana ndani ya gari bovu jangwani. Akaniuliza kama kwetu tunakula polo. Akaeleza kwa mikono, wali, nyama ya kondoo, karoti, mafuta. Nikamwambia dereva, kwetu bila hiyo hakuna harusi, sema sisi karoti hatuweki kwa fujo kama nyie.

Jiaohe iko kama kilomita kumi hivi magharibi ya mji. Ukiwa bado chini unaona genge tu, genge la udongo wa rangi ya ugali wa mtama, limesimama wima mita 30 hivi. Mto unakuja, ukifika pale unagawanyika, unapita huku na huku halafu unakutana tena mbele. Ndo maana ya jina lenyewe, Jiaohe, mito inayokutana, na vitabu vya historia vya enzi ya Han viliandika hivyohivyo miaka karibu 2,000 iliyopita. Waiguri wanapaita Yarghul, na yar kwao ni genge. Hapo katikati ya mikono miwili ya mto imebaki nchi ya juu yenye umbo la jani la mwembe, refu, jembamba, limechongoka mwisho: urefu mita 1,650, upana pale penye unene mita 300. Mji wote uko juu ya hilo jani. Hawakuzungushia ukuta, wa nini, genge lenyewe linatosha.

Nikapiga picha ya kwanza nikamrushia mzee kwa WeChat. Dada yangu ndiye alimwekea ile programu maana WhatsApp huku inasumbua, na baba haandiki, anatuma voisi. Kasoro ya WeChat ni kwamba voisi ina sekunde 60 tu, zikiisha inakata, na baba mtu wa salamu ndefu. Kwetu ilikuwa saa kumi na moja na nusu alfajiri, ametoka kuswali. Nikamwambia shikamoo baba, niko kwenye ule mji. Akaitikia marahaba, akauliza hali ya hewa, akauliza masomo, akauliza kama nimekula, na sekunde ya 55 ndo akauliza, "Msingi wao umeenda chini futi ngapi?" Ikakata.

Nikamjibu hauna msingi.

"Nyumba isiyo na msingi siyo nyumba, ni banda."

Nikamwambia baba, hii siyo imejengwa juu ya ardhi, hii ni ardhi yenyewe. Kimya. Naona anarekodi, anaacha, anarekodi, anaacha. Mwisho ikaja voisi ya sekunde nne: "Piga karibu."

Basi nikawa nimegeuka mpiga picha wa fundi. Unaingilia lango la kusini, unapanda, halafu unatokea kwenye barabara kuu inayokwenda kaskazini, urefu mita kama 350, upana kama kumi, na pande zote mbili kuta za udongo zimekupita kimo. Barabara yenyewe imechimbwa, yaani unatembea ndani ya mfereji. Pembeni kuna vichochoro, vyumba, ngazi, matundu ya kuchomekea boriti, mashimo ya majiko. Mapaa yalishaenda zamani, yalikuwa ya mbao na udongo, ila kuta zimebaki na midomo wazi. Jua la saa nne pale halina adabu kabisa, kiangazi Turpan inapita nyuzi 40 kama kawaida, ni bonde ambalo sehemu yake ya chini kabisa, ziwa Ayding, iko mita 154 chini ya usawa wa bahari, kwa hiyo joto likiingia halitoki. Mlinzi kila dakika anapuliza filimbi, usikanyage nje ya njia ya matofali. Na ana haki, ule udongo ukiugusa tu unga unabaki kidoleni.

Baba akaona kitu ambacho mimi nilikuwa nimetembea mita 200 bila kukiona. "Mbona barabarani hamna milango?" Nikaangalia. Kweli bwana! Ile barabara kuu yote ni kuta tupu, mlango hakuna, dirisha hakuna, milango yote iko kwenye vichochoro vya ndani. Ndivyo miji ya enzi ya Tang ilivyokuwa inapangwa, mitaa inazungushiwa kuta na ina mageti yake, mtu anaingilia huko, barabara kuu ni ya kupita tu, na adui akiingia anajikuta kwenye mtaro wewe uko juu yake. Nikamweleza hivyo. Akacheka mpaka akakohoa. "Kiwanja kiko barabarani halafu haweki hata fremu moja? Hao walikuwa na hela."

Hela walikuwa nazo kweli, maana njia ya hariri ilipita hapahapa, na ndo iliyowaponza. Waliouanzisha mji ni watu wa ufalme wa Jushi, zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, Jiaohe ikiwa makao ya mfalme wao. Tatizo walikuwa wamekaa katikati ya wakubwa wawili, dola ya Han mashariki na Waxiongnu wa farasi kaskazini, na kila mmoja anataka mlango wa kwenda magharibi. Kati ya mwaka 108 na mwaka 60 kabla ya Kristo waliwagombania Jushi mara tano, mara waapie huku, mara waapie kule. Ule msemo wa fahali wawili na nyasi sisi tunausema kirahisi tu, ila pale juu nikawaza zile nyasi nazo zilikuwa na mji, zina wake na watoto, zina zamu za kuteka maji. Mwaka 450 ufalme wao ukaanguka. Mwaka 640 wakaja Tang, wakaifanya Jiaohe makao ya kwanza ya utawala wao wa kijeshi wa magharibi yote, Anxi, kabla hawajahamia mji mwingine unaoitwa Kucha. Baadaye wakaja Waiguri. Mwishoni vita vya enzi ya Wamongolia vikauchosha, watu wakapungua. Mjumbe mmoja wa enzi ya Ming, Chen Cheng, alipita mwanzoni mwa karne ya 15 akaandika kuwa amekuta kaya kama mia tu. Na miaka hiyohiyo, kwa mfalme huyohuyo aliyemtuma Chen Cheng, alifikishwa twiga kutoka Malindi, mwaka 1415. Mfalme mmoja, mkono huu anapokea ripoti ya mji unaokufa jangwani, mkono huu anapokea twiga wetu.

Maji ndo lilikuwa swali la pili kubwa la mzee. "Mto uko chini mita 30, wanachota na nini?" Hapo nilifurahi maana jibu nilikuwa nimelisimamia: kisima, mdomo wa duara, wamekifunika wavu. Walichimba kutoka juu ya jani moja kwa moja mpaka usawa wa mto. Vipo vingi mjini, na maana yake adui akizingira huko chini hawezi kukukatia maji, utakunywa zako huku unamwangalia. Baba alikaa na hilo. Yeye alishachimba visima viwili maishani mwake na vyote anavisimulia kama vita, cha pili kiliishia mwamba futi 40, akalipwa nusu. "Mita 30 kwa mkono," akasema. "Na mtaimbo." Akarudia tena, mita 30.

Kuna nyumba katikati ya mji wanasema ilikuwa ofisi ya wakubwa, imezama chini nzima, unashuka kwa ngazi unakuta ua mkubwa wa mraba na vyumba vya pembeni vimechimbwa humohumo kwenye ukuta wa ardhi. Ukiangalia tu unajua kule chini hili joto halikuwahusu. Wakubwa ni wakubwa tu, karne yoyote. Jirani na sehemu hiyo kuna eneo lina vishimo vifupi vingi vimepangana, nikadhani vya kuhifadhia nafaka. Ni makaburi ya watoto wachanga. Zaidi ya 200. Hapo sikupiga picha, na baba sikumwambia.

Kaskazini zaidi ndo kwa Buddha. Hekalu kubwa lina eneo la mita za mraba kama 5,000, katikati limesimama nguzo nene ya udongo yenye vishubaka, ndani sanamu zimekaa, vichwa hakuna. Mbele zaidi kuna kitu wanakiita msitu wa stupa, yaani minara ya ibada ya Wabuddha: mnara mmoja mkubwa katikati na vidogo 100 vimeuzunguka kwa makundi manne ya 25. Vimeliwa na upepo vimebaki visiki. Huko watalii wengi hawafiki, wanaishia njia fupi kwa sababu ya jua, kwa hiyo nilikuwa peke yangu na upepo. Chupa yangu ya maji imeshakuwa chai.

Swali la mvua lilikuja hapo. Nilikuwa nalisubiri maana kila mtu aliyekulia kwenye nyumba ya tope analijua. "Masika yao mwezi wa ngapi?" Nikamwambia baba, huku mvua ya mwaka mzima ni milimita 16 hivi. Akadhani nimekosea, akauliza sentimita? Milimita. Moro mwezi wa nne mvua ya saa moja tu yaweza kuvuka hapo. Bibi yangu mzaa baba nyumba yake ilikuwa ya miti na udongo kule Matombo, na kila baada ya masika kuna ukuta umekaa chini, baba anatoka mjini Ijumaa kwenda kukandika, tunapanga foleni ya kupasiana tope. Tunasema usipoziba ufa utajenga ukuta, bibi alikuwa anafanya vyote viwili kila mwaka. Jiaohe ina miaka 2,000 na kuta zake bado zinakata upepo. Siyo kwamba udongo wao una uchawi. Ni kwamba mbingu imewaacha.

"Basi hao hawakuwa mafundi," baba akasema, na nikasikia kama kuna kinyongo hivi. "Mvua ndo fundi. Asipokuja kukukagua kila mtu anaonekana anajua." Nikamwacha. Ikawa kama saa mbili na nusu kwao, nasikia nyuma yake koleo linakwangua, ameshafika saiti.

Nikaanza kurudi. Nimefika karibu na lango ikaingia voisi ya sekunde 60 kamili, ameongelea bei ya nondo, ameongelea mwenye nyumba anayetaka ghorofa kwa hela ya banda, na mwishoni kabisa, kwa haraka maana anajua itakata: "Halafu nimefikiria hapa, ule mji mzima wameuchimba, barabara, vyumba, visima vya mita 30, sasa ule udongo wote waliu—"

Waliupeleka wapi. Nilisimama katikati ya ile barabara nikajiona mjinga. Masaa matatu nasifia mji uliotokana na kutoa, na sijajiuliza kilichotolewa kiko wapi. Udongo wa mji mzima siyo kitu cha kuficha mfukoni.

Nikarudi nyuma kwenye ukuta wa kwanza mrefu, nikauangalia safari hii kama ninayeshika kamba. Chini, mpaka kimo cha mtu na zaidi, ukuta una mistari myembamba iliyolala, imenyooka kutoka nyumba hii mpaka ile ya pili mpaka ya tatu bila kukatika, kwa sababu ni mistari ya ardhi yenyewe, matope ya mto ya zamani sana yaliyokauka tabaka kwa tabaka. Halafu juu ya hapo mistari inaisha. Kinaanza kitu kingine, mabonge, tope lililorundikwa safu juu ya safu, kila safu ina kiungo chake kabla ya inayofuata, na kwenye kiungo kimoja nyufa zimekaa kama alama za mtu aliyesukuma kwa kiganja. Pengine palikuwa na tofali za tope zimejaza pengo. Yaani chini walichimba wakapata chumba, udongo wakaulowanisha wakapandishia ghorofa ya juu. Shimo na ukuta ni udongo uleule.

Nikapiga picha tatu, moja mbali, mbili karibu, nikachora mstari mwekundu pale mabonge yanapoanza, nikatuma bila maneno. Dereva alikuwa ananisubiri nje, amenunua zabibu, kishada kimoja kizito cha kijani kisicho na mbegu, akanipa nusu. Njiani tukapita vibanda vyao vya kukaushia zabibu, vya tofali za udongo zilizopangwa kwa kuacha matundu ili upepo upite, nikasimamisha gari nikapiga na hiyo.

Voisi yake ilinikuta nakula.

"Hata lori moja la mchanga hawakununua," akasema. Akanyamaza. "Hata moja." Kisha nadhani alisahau kutoa kidole, maana iliyobaki yote ni saiti tu, mwiko unagonga tofali, redio mbali, na yeye anamkaripia kijana wa zege kwamba maji hayo mengi, unanipikia uji au unanichanganyia zege, rudisha ndoo hiyo, rudisha, na mpaka inakata kwenye sekunde ya 60 bado anamwambia arudishe.